Kisogo cha Riya

Kila asubuhi mimi hupitia dukani kwa kina Riya, hapa Watamu, tukaongozana hadi shuleni. Asubuhi hiyo mwenzangu alikuwa akiyumba, na njiani aliniuliza mara tatu kama leo ni Jumanne. Mama yake, Bi Anjana, alikuwa ameniambia ni njaa tu. Zilikuwa siku tisa za mfungo wa dini yao ya Kihindu, na Riya alikuwa akila matunda na maziwa basi.

Mimi nilijua jingine. Jana yake Riya alichukua baiskeli ya kaka yake bila ruhusa, akaanguka, akagonga kisogo ukutani. Aliniapisha nisiseme. Lakini mbona hakutoka damu? Na kama aliumia kisogo, mbona analalamikia macho, eti anaona vitu viwili viwili? Nilichanganyikiwa, nikajifariji kwamba huenda ni njaa kweli.

Somo la kwanza lilikuwa sayansi. Mwalimu Mumbua alichora kichwa ubaoni, akaeleza kwamba ubongo ni laini, umefunikwa na fuvu, na hupeleka habari mwilini kupitia uti wa mgongo na mishipa ya fahamu. Kisha akaweka chaki kisogoni.

"Sehemu hii ya nyuma ndiyo inayotambua yale macho yanayoyaona," alisema. "Chini yake kuna ubongo mdogo, unaotuwezesha kusimama bila kuyumba."

Basi kule kuyumba na kuona vitu viwili viwili kulitoka kisogoni! Wakati huohuo Riya aliinama akatapika. Wenzetu walisema ni mfungo, na mwalimu akaagiza aletewe ndizi. Nikisema nitakuwa msaliti. Nisiposema, je? Nilisimama.

"Mwalimu, si njaa. Jana alianguka, akagonga kisogo."

Riya alinikazia macho ya hasira, nami nikaumia. Mwalimu hakungoja ndizi, alimpigia simu Bi Anjana. Hospitalini Malindi daktari aligundua kwamba damu ilikuwa ikivuja ndani ya fuvu, pasipoonekana, na ikiubana ubongo. Riya alitibiwa, na baada ya siku chache akaanza kupata nafuu.

Nilipokwenda kumwamkia Bi Anjana nilitarajia kugombezwa, maana nilikuwa nimenyamaza usiku kucha. Aliniketisha kando yake.

"Wewe ulinyamaza kwa kumpenda," alisema, "na mimi nikasema ni njaa kwa kuogopa kuwaza baya. Mapenzi yetu sote wawili yangemuua. Mficha maradhi kilio humfichua, mwanangu. Siku nyingine, rafiki yako akiumia, vunja kiapo uje mbio."