Kompresa Iliyopakwa Rangi Mpya

Sogeeni, jamaa zangu, niwasimulie yaliyomfika fundi bodi mmoja, tuliyemwita Bingwa kwa sababu hakupenda kuwa wa pili hata kwenye foleni ya maji.

Asubuhi karakana yake ilikuwa na raha yake. Yeye aligonga mabati yaliyobonyea, na mkewe, fundi wa kupuliza rangi, alichanganya rangi na kuichungulia juani. Mama yake Bingwa alikaa ua wa nyuma akichambua maharage, kiti chake kimeegemea ukuta. Gari liliingia limekunjamana, likatoka linameremeta, na wateja walijua fika kwamba ule mng'aro ulitoka mkononi mwa mke.

Shida ilikuwa kompresa, mashine yao ya kusukuma upepo. Ilikuwa imezeeka. Ilikohoa, ikatweta, ikatemea maji kwenye rangi mbichi. Wakakubaliana watafute nyingine.

Mke hakukurupuka. Alibeba bunduki yake ya kupulizia rangi, akaenda nayo dukani na kuomba mashine ziwashwe moja moja. Kila moja alipulizia nayo mpaka aone kama itaishiwa pumzi. Akainama kutazama koki ya kutolea maji yanayokusanyika chini ya mtungi wa upepo. Akapapasa maungio.

"Dada, unanunua kompresa au unaposa?" muuzaji akamtania.

"Yote mawili ni kuishi naye, kaka," akajibu, na duka zima likacheka.

Akachagua moja fupi, ya kijivu, isiyo na mbwembwe. Bingwa alipopelekwa kuiona, akaguna.

"Hii? Si pipa la maji hili! Jirani wa ng'ambo ana mtungi kama ng'ombe. Watu watasema nini?"

"Watu hawatapuliza rangi, nitapuliza mimi," mke akasema. "Upepo wake unaitosha bunduki yangu, na mtungi wake umepimwa. Tunataka nini tena?"

Ndugu zangu, hapo palikuwa pa kusikiliza. Lakini kiburi ni nta ya masikio, na ile ya kijivu ikabaki dukani. Mke alipokwenda kumtazama dada yake aliyejifungua, Bingwa alikwenda kwa muuza mashine zilizotumika, akarudi na kompresa nyekundu, ndefu, inayong'aa kama nyanya. Hakuuliza swali hata moja. Aliiegesha kwenye ukuta wa nyuma, akaita majirani, akawasha. Ikanguruma mpaka mabati ya paa yakatetemeka, na kifua cha Bingwa kikajaa upepo kuliko mtungi wenyewe.

Mkewe akaingia wakati huohuo, mkoba ungali begani. Bingwa alingoja asifiwe. Mke hakumtazama hata kidogo; macho yake yalikuwa juu ya mtungi. Mahali pa valvu ya usalama, ile inayoachia upepo ukizidi, palikuwa pamekazwa bolti. Mshale wa kipimo ulikuwa umepita alama nyekundu, na mashine haikuwa na dalili ya kujizima.

"Baba Watoto, rudi nyuma. Usiiguse."

Hakupiga kelele. Alikwenda kwenye swichi kuu mlangoni, akakata umeme. Mngurumo ukanyamaza, na hapo wote wakasikia sauti nyembamba kama ya nyoka: upepo ulikuwa ukipenya kwenye ungio, chini ya rangi mpya.

"Tokeni nje, wote! Mama yuko wapi?"

Bingwa akaunyoshea kidole ukuta wa nyuma. Mama yake alikuwa upande wa pili wa ukuta uleule. Mkewe alikwishakimbia kupitia uchochoro wa pembeni, akamshika mama mkwe mkono.

"Maharage yangu!"

"Tutachambua mengine, mama. Twende!"

Walikuwa wamefika barabarani mtungi ulipopasuka. Vumbi lilipotulia, ukuta ulikuwa umelala juu ya kile kiti, na paa limefunuka kama kopo. Hakuna aliyeumia. Bingwa alikaa chini mavumbini, akalia mbele ya majirani wale wale aliowaita wamshangilie.

Mkewe alikuwa akimfuta mama mkwe vumbi usoni.

"Nitukane basi," Bingwa akasema. "Nimestahili."

"Nikikutukana, ukuta utasimama? Inuka, mpe mama maji."

Mama mtu akanywa, akamgeukia mwanawe. "Nilidhani nimezaa bingwa," akasema. "Kumbe bingwa umemwoa."

Walipojenga upya, walirudi dukani pamoja. Safari hii Bingwa mwenyewe aliinama kutafuta valvu ya usalama, kisha akamgeukia mkewe: "Wewe unasemaje?" Wakachukua ile ya kijivu. Haitweti, haitemi maji, na Bingwa humwaga maji ya mtungi kila jioni kabla ya kufunga. Mpita njia akiicheka kwa ufupi wake, yeye humwonyesha gari lililotoka kupulizwa na kumwambia, "Jitazame humo, kisha ucheke."

FUNZO

Chombo cha kazi huchaguliwa kwa kazi yake, si kwa macho ya jirani. Rangi mpya huficha kutu, lakini haiiondoi. Nanyi wenye nyumba, mkiwa na mwenzenu anayeijua kazi, msikilizeni kabla ukuta haujaanguka; si kila aliyechelewa kusikia hupewa nafasi ya kumpa mama yake maji.