Siku ya Kuijaribu Mashua

Fundi umeme alikuwa akimwambia mkewe, kwa mara ya tatu, kwamba mashua hii ndiyo yenyewe, usukani ulipokatika.

Walikuwa wameshaangalia mashua sita. Kila mara mkewe, muuguzi wa watoto, aliuliza maswali yaleyale: binti yetu wa miaka mitano atakaa wapi, na atashika nini bahari ikichafuka? Hii ya saba, fupi na pana kama beseni, ilikuwa na kiti cha chini katikati. Mwenye mashua, seremala mstaafu aliyefiwa na mkewe, ndiye aliyewasihi waijaribu kwanza, wasije wakanunua mbuzi kwenye gunia.

Sasa mashua iligeuka ubavu, na upepo ukaisukuma kuelekea bahari kuu. Mti wa tanga ukafyatuka na kumpiga seremala begani. Alianguka, mkono ukining'inia. Wimbi likaruka ukingo, maji yakawafika vifundoni.

"Shusha tanga," seremala alisema, meno yamekazana. "Upesi."

Fundi umeme alifungua kamba, nayo ikamchuna viganja. Muuguzi akaufunga mkono wa seremala kifuani kwa mtandio wake, kisha akampa binti kikombe na kumwambia amwage maji, ahesabu vikombe. Mtoto alijua kuhesabu hadi ishirini tu. Kila alipofika hapo, alianza upya.

Seremala alieleza kwamba kasia likishikwa nyuma lingefanya kazi ya usukani, ili mradi wasiyape mawimbi ubavu. Kuyakabili mawimbi uso kwa uso hakuwezekani. Wafuate mkondo hadi kwenye fungu la mchanga lililokuwa mbele ya rasi. Fundi umeme alilishika kasia akaganda.

"Nilikudanganya," alimwambia mkewe. "Sijui kuogelea."

"Najua. Shika kasia."

Akalishika. Kwa saa tatu walipokezana, chumvi ikiwachoma malengelenge, chupa moja ya maji ikizunguka kwa mafunda, ya mtoto kwanza. Mara mbili mashua ililala hadi ukingo ukanywa bahari, na mara mbili ikainuka yenyewe, polepole, kama mtu mzima anayenyanyuka kitini. Jua lilikuwa limeanza kushuka walipokwama mchangani. Wakatembea hadi nchi kavu, maji kiunoni, binti mabegani mwa baba.

Ufukweni seremala hakuweza kuwatazama usoni. Alisema bolti ya usukani hakuikagua. Tangu mkewe afariki hakuwa na moyo wa kuigusa mashua ile. Hawauzii tena. Ataipasua kuni.

Muuguzi alimwambia wazi kwamba amekosa sana, kwa kuwa mtoto alikuwamo. Kisha akamminya vidole kimoja kimoja, kuhakikisha bado vina hisia. Mzee alikuwa analia bila sauti.

"Lakini haikupinduka," muuguzi alisema mwishowe. "Tunaichukua. Bega likipona utatufundisha kuiendesha, baba. Na huyu mume wangu ataanza na kuogelea."

Jumatatu fundi umeme alipotoka kazini alikwenda kwenye bwawa la kuogelea, akapanga foleni nyuma ya watoto wa darasa la kwanza. Zamu yake ilipofika akaziba pua, akaingia.