Vifupisho Mia na Arobaini

Jumamosi ile jengo la maduka ya vifaa vya umeme lilikuwa limefurika. Wauzaji waliita, spika zilishindana kwa kelele, na watu walipishana ubavu kwa ubavu kwenye korido nyembamba. Mbele ya kaunta moja alisimama mwanamke aliyevaa gauni la manjano lililomkaa sawasawa, nywele kazibana nyuma, mkono wa kulia ukiwa umepumzika mfukoni. Mkono huo ulipooza miaka sita iliyopita, alipoanguka ngazini. Kwa ule wa kushoto alikuwa akijaribu kibodi, na vidole vilikimbia hata muuzaji akasahau kutaja bei.

Nyuma yake alingoja fundi mmoja wa kompyuta, mrefu, mwenye miwani, shati la bluu lililopigwa pasi vizuri, begi la vifaa begani. Alikuja kununua waya. Sasa hakukumbuka waya gani.

“Samahani dada,” akashindwa kujizuia. “Hiyo mikono umeificha mingapi?”

“Unaofanya kazi ni huu mmoja. Mwenzake yuko likizo ya kudumu.”

Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze. “Nisamehe sana. Sikujua.”

“Usijali. Wengi huniuliza kwa huruma. Wewe umeuliza kwa wivu.”

Wakacheka wote wawili. Akamweleza kwamba yeye ni karani wa mahakama, kazi yake kuandika kila neno linalosemwa kwenye kesi.

“Kwa mkono mmoja?”

“Kwa mkono mmoja na vifupisho. Nimeiandikia kompyuta yangu skripti, maagizo madogo madogo. Nikibonyeza herufi mbili, m na h, yenyewe inaandika ‘Mheshimiwa Hakimu, naomba kuwasilisha’. Ninavyo mia na arobaini.”

“Nani alikutengenezea?”

Karani akamtazama kwa jicho la pembeni. “Mbona husemi ‘ulivitengenezaje’?”

Fundi akaondoka bila waya, lakini na namba ya simu.

Tangu siku hiyo simu hazikukauka. Asubuhi, “Umeamkaje, bingwa?” Mchana, “Umekula, mpenzi?” Jioni walizungumza hadi betri zikalalamika. Mwezi wa pili haujaisha, Karani alikuwa akitabasamu peke yake mbele ya majalada ya kesi, na wenzake ofisini wakikonyezana.

Ndipo Fundi akapiga na habari. “Laazizi, kampuni yetu imepewa kazi ya kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta zote za mahakama. Ijumaa niko mezani kwako.”

“Na vifupisho vyangu?”

“Vitabaki palepale. Mimi sifuti faili za mtu.”

“Sijauliza kama vitabaki. Nimeuliza kama vitafanya kazi.”

“Mpenzi, niamini.”

Hakuwa anadanganya. Aliamini alichokisema. Ila Ijumaa aliweka mfumo bila kuvijaribu.

Jumatatu saa tatu kesi ilianza. Hakimu, mama mwenye miwani mizito, akaketi. Wakili akasimama na kufungua mdomo. Karani akabonyeza m, akabonyeza h. Kwenye kioo zikabaki herufi mbili, m na h, zimekaa kama wageni wasiokaribishwa. Akajaribu kifupisho kingine, na kingine. Kimya. Akaanza kuandika neno kwa neno, lakini wakili alikuwa ameshafika mbali na maswali yake kwa shahidi.

“Karani, umeandika jibu la mwisho la shahidi?” hakimu akauliza.

“Hapana, Mheshimiwa.”

Kesi ikaahirishwa hadi Alhamisi. Msajili, ambaye ndiye mkuu wake wa kazi, akamwita ofisini. Hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba Alhamisi ikiwa vilevile, atamhamishia stoo ya majalada. Mezani kwake ilikuwa fomu ya kukabidhi kazi ya mfumo mpya. Karani akaisoma akiwa amesimama: “Programu binafsi za watumishi: hazina umuhimu.” Chini yake, sahihi ya Fundi.

Miaka sita ya kazi yake, haina umuhimu!

Simu ilipoita akaipokea papo hapo. “Ungeniambia mapema kwamba unaniona mtu wa kuchezea vitu visivyo na maana.”

“Nani kasema hivyo?”

“Sahihi yako imesema.”

Akamsomea ule mstari. Sauti ya Fundi ikatoka polepole. “Fomu huchapwa na kampuni. Zilikuwa hamsini, nikazisaini bila kuzisoma. Na vifupisho vyako sikuvijaribu, ingawa uliniuliza. Sina cha kujitetea.”

“Afadhali ungekuwa mwongo, ningekuchukia vizuri.”

Akakata. Akaenda chooni, akafungua bomba, akalia.

Kesho yake alishinda mezani akipekua kila faili. Zote zilikuwepo, hakuna hata herufi iliyopungua, na hakuna iliyofanya kazi. Saa sita mchana ukaingia ujumbe wa Fundi: “Lugha ya kompyuta uliyotumia kuandika skripti zako imeondolewa kwenye mfumo mpya. Ndiyo maana faili zipo lakini kompyuta haizielewi. Inabidi ziandikwe upya kwa lugha mpya. Naweza kukufanyia zote.”

Karani akausoma mara tatu. Kisha akapiga yeye.

“Nieleze. Usinifanyie.”

“Sawa, mwalimu.”

“Na usinichekeshe. Bado nina hasira.”

Akamtumia faili zote azitazame. Fundi akaomba ruhusa kazini, akakaa kwake sebuleni na simu sikioni, akizifungua moja baada ya nyingine. Alitarajia kukuta maagizo makavu. Akakuta kwamba kila moja ina maelezo mafupi ambayo Karani alijiandikia mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa ya mwezi ule alioachwa na mkono mmoja: “Herufi a nimeipata bila kutazama.” Nyingine: “Kidole cha pete kinachoka, kipe kazi ndogo.” Nyingine: “Hapa nililia. Kesho yake ikakubali.” Na moja: “Leo shahidi alikuwa na haraka. Nimemshinda.”

Fundi alikuwa ameona kazi za wataalamu waliosomea nchi za mbali, lakini hakuwahi kuona kazi iliyomfanya avue miwani na kuifuta.

“Mbona kimya? Umelala?”

“Nipo. Nasoma.” Akakohoa kidogo. “Hii namba sabini na mbili, uliyoifanya itenganishe maneno ya wakili na ya shahidi kwa kitufe kimoja. Hiyo nisingeiweza mimi.”

“Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.”

“Nakuapia. Ningehitaji wiki nzima, na ningeharibu.”

Sauti ya Karani ikalegea. “Haya, tuendelee na sabini na tatu.”

Siku mbili walifanya kazi hivyo: yeye akiandika, Fundi akieleza, wakibishana, mara moja akimkosoa Fundi na Fundi akikubali. Jumatano alasiri vifupisho mia na ishirini na tisa vilikuwa hai. Kumi na moja viligoma kabisa.

“Hivyo vingine tufanyeje?” Fundi akauliza.

“Tuviache vipumzike. Hayo maneno nitayaandika mwenyewe.”

Alhamisi aliingia mahakamani na suti ya kijani kibichi na viatu visivyo na kisigino. Shahidi alikuwa mwuza samani anayeongea kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Mkono wa kushoto ukakimbia naye bega kwa bega. Saa mbili nzima hakimu hakumsimamisha mtu. Alipofunga kikao, akateremsha miwani na kumwinamishia Karani kichwa mara moja. Wanaomjua huyo mama wanasema hajawahi kumsifu mtu zaidi ya hapo.

Msajili alimngoja mlangoni. “Hivyo vifupisho vyako, wenzako nao wanaweza kuwekewa?”

“Wanaweza. Nitawafundisha. Ila mfumo ukibadilishwa tena, mafundi waje kwangu kwanza.”

Kwenye korido alisimama Fundi, ameshika karatasi. “Nimekwenda kwa bosi wangu. Ule mstari wa fomu umefutwa. Sasa pameandikwa: ‘Programu za mtumishi zijaribiwe mbele yake.’”

Karani akaisoma yote, na sahihi pia. “Hii umeisoma?”

“Mara nne.”

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. “Njoo Jumapili nyumbani. Mama anataka kukuona.”

Jumapili Fundi alifika na shati jeupe. Mama alifungua mlango, akamtazama kuanzia viatu hadi utosini.

“Wewe ndiye uliyemliza mwanangu?”

“Ndiyo, mama. Ni mimi.”

“Na anayecheka kwenye simu hadi majirani wanasikia, anacheka na wewe?”

“Nadhani ni mimi pia, mama.”

“Ingia. Vua viatu, nimepiga deki.”

Karani alikuwa jikoni akipanga vikombe. Akasikia viti vikivutwa, akasikia Fundi akianza sentensi, akiipoteza, akiianza upya: kwamba amekuja kuomba, kwamba anamheshimu, kwamba hajawahi kukutana na mtu wa aina yake.

“Sasa mbona unaniambia mimi?” Mama akamkatiza. “Mwenyewe si yupo?”

Fundi akageuka. Karani alikuwa amesimama mlangoni, kikombe mkononi.

“Utakubali kuolewa na mimi?”

Akaweka kikombe mezani taratibu, ili mkono uwe mtupu, kisha akamnyooshea.

“Ndiyo,” akasema.