Mlango Usiojua Kuaga

Mto wa kochi ulikuwa umebonyea katikati, kama mtu ameinuka sasa hivi. Mke wa fundi aliugusa kwa mkono wenye povu la sabuni. Ulikuwa na joto.

Alikuwa uani akifua nepi aliposikia mumewe akipiga hodi, akasikia na mlango ukijibu na kufunguka. Alipoingia sebuleni hakumkuta. Binti yao mdogo, Kidosho, alikuwa kwenye mkeka akilitazama kochi na kucheka. Hewani kulikuwa na harufu ya marashi mazito, na ndani ya marashi hayo harufu nyingine, kama ya nywele zilizoungua.

"Baba Kidosho?" aliita.



Mumewe alikuwa fundi wa kuchonga funguo. Zamani watu walijaa kibandani kwake. Siku hizi nyumba mpya zinafunguliwa kwa kidole na magari kwa kitufe. "Funguo zinakwenda zilikokwenda simu za mezani," alimwambia mkewe. "Tusipobadilika tutakula kutu." Ndiyo maana alinunua kufuli la kisasa akalifunga mlangoni kwake, alizoee kwanza kabla ya kuwauzia wengine. Lilikuwa linasikia. Mtu wa nyumbani akitaja neno la siri, lilitambua sauti yake, likajibu "Karibu" kwa sauti ya mashine na kufunguka. Muuzaji alimwonya achague neno lisilotajwa ovyo. Fundi akachagua "hodi", kwa kuwa hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuingia bila kulisema.

Mama yake, aliyekuja kuwatembelea, alicheka mpaka akashika mbavu. "Fundi wa makufuli mzima! Ufunguo wa nyumba umeuweka kwenye ndimi za watu wote."

"Linasikia sauti zetu tu, mama."

"Na huyo anayejibu kwa puani ni nani? Mgeni haambiwi karibu na bati. Aambiwe na mwenye nyumba."

Fundi akamsogezea mkewe lile kufuli lirekodi sauti yake kabla ya kulikaza. Mkewe akaona haya, akasema "Karibu" mara moja tu, macho chini. Tangu hapo mlango ukawa unakaribisha kwa sauti yake.

Jioni ile fundi aliporudi, mkewe alilinusa shati lake kabla ya kulitundika. Lilinuka grisi na unga wa chuma tu.

"Mchana ulikuja?"

"Nije kufanya nini?"

"Nilikusikia ukipiga hodi."

Fundi alimtazama kwa jicho refu. Kila mlango ulipofunguka, simu yake ililia. Mchana ilikuwa imelia, naye yuko kibandani na mama yake amesharudi kwao. Alisogea kwenye kochi, akavuta pumzi.

"Haya marashi ni ya nani?"

"Ndilo nililotaka kukuuliza mimi."

Walilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni mwa yule.

Simu iliendelea kulia mchana, na marashi yaliendelea kunuka. Mke aliamini mumewe anapitia nyumbani kwa siri na mwanamke. Mume aliamini mkewe anamfungulia mwanamume. Waliongea kwa kupitia mtoto: "Kidosho, mwambie baba yako chakula kiko mezani." Lakini Kidosho naye alibadilika. Mama yake akimpakata, alijinyonga na kunyoosha mikono kwenye kochi tupu.

"Nikimkuta mtu humu," fundi alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, "utarudi kwenu, na mtoto atabaki."

Mkewe hakulia mbele yake. Alikwenda kulilia uani, kwenye beseni la nguo.

Siku moja fundi alifunga kibanda mchana, akaingia nyumbani kwa mlango wa uani. Mkewe alikuwa jikoni akisugua sufuria. Nusura apige kelele.

"Shh," fundi alinong'ona. "Leo tutaonana naye."

"Na nani? Mwanamke wako?"

"Mwanamke wangu? Mimi?"

"Hodi," ilisema sauti mlangoni.

Ilikuwa sauti ya fundi mwenyewe, pamoja na kikohozi chake kidogo cha mwisho. Mkewe alimtazama mdomo. Ulikuwa umefungwa.

"Karibu," alijibu mke kule sebuleni, naye amesimama hapa jikoni, sufuria mkononi, hajafumbua kinywa.

Walisogea hadi kwenye pazia, kila mmoja amemshika mwenzake bila kujua, wakaona mlango ukifunguka na jua la mchana likiingia peke yake, wakaona zulia likibonyea hatua kwa hatua kama linakanyagwa na miguu mizito isiyo na haraka, marashi yakawajaa puani na nywele zilizoungua zikafuata, kisha springi za kochi zikalia, mto ukazama, na Kidosho, aliyekuwa anacheza na kifuniko cha chupa, akaacha kucheza, akatambaa mpaka pale, akainua mikono kama afanyavyo akitaka kubebwa, akabebwa.

Mama alirusha sufuria na kumdaka mwanawe hewani. Alihisi mtoto akivutwa upande wa pili, taratibu, kwa upole wa mtu asiyetaka kumuumiza mtoto. Kisha akaachiwa.

Mama mkwe ndiye aliyemleta mganga, mwanamke mnene mwenye miwani na mkoba wa begani. Alikataa kusema chochote mbele ya lile kufuli. Alizunguka, akaingia kwa mlango wa uani.

"Mmemkaribisha wenyewe," alinong'ona, "tena kwa adabu. Jini haingii nyumba ya watu bila neno. Na mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi kama mbwa. Huagwa."

"Nimuage mimi?" mke aliuliza.

"Hakukaribishwa na kinywa chako, kakaribishwa na mlango. Lakini mlango wenu unajua kukaribisha tu, haujui kuaga. Ufundishe 'kwaheri' kwa sauti ile ile. Ukishamuaga, atatoka mikono mitupu. Msiling'oe kufuli kabla, maana ataondoka na sauti aliyokaribishwa nayo. Na akipiga hodi tena, wewe usijibu hata kidogo. Ukijibu umemkaribisha upya."

Mke alipiga magoti mlangoni. "Kwa..." alianza, na ndani ya kufuli sauti yake mwenyewe ikacheka. Ilicheka kama anavyocheka yeye akitekenywa na mtoto wake.

Fundi hakustahimili. Alilichokoa kwa bisibisi.

"Ngoja, wewe!" mganga alipiga kelele.

Kufuli lilikuwa limeshaanguka, na fundi alilipondaponda kwa nyundo mpaka likawa vipande. Mganga alichukua mkoba wake.

"Sasa humu sina wa kumtoa," alisema. "Ameshatoka."

Fundi alifunga kitasa cha zamani, cha ufunguo. Alimwomba mkewe radhi, mkewe naye akamwomba, na mama mkwe akawachekesha wote wawili kwa kuwaiga walivyonuniana. Marashi yaliisha. Kidosho akarudi kwenye mapaja ya mama yake, akaanza kusema maneno mawili matatu.

Asubuhi moja fundi alikuwa kazini. Mama na mtoto walikuwa wamekaa mkekani, mlango umefungwa kwa ufunguo.

"Hodi," ilisema sauti ya mama, nje.

Mama alijiziba mdomo kwa mikono miwili, alivyoagizwa.

"Hodi, Kidosho wangu. Kipenzi cha mama."

Mtoto aligeuka akamtazama mwanamke aliyekaa naye mkekani, aliyetoa macho, aliyetikisa kichwa, asiyesema neno. Alimtazama kwa wasiwasi, kama anavyotazamwa mtu baki. Kisha akasimama kwa miguu yake isiyo imara, akanyoosha mikono mlangoni, na kabla mkono wowote haujamfikia kinywani akaita kwa furaha:

"Kaibu, mama!"