Barafu ya Upande wa Abiria

Haya yalimpata Britta Lahti, jirani yangu wa nyumba ya tatu, na nayasimulia kama alivyonieleza mwenyewe jikoni kwangu, kahawa ikimpoa mkononi.

Asubuhi hiyo ilianza kama asubuhi zote za Januari huku kaskazini mwa Minnesota. Britta yuko nje, tumbo la miezi minane limemtangulia, anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Baridi ni nyuzi thelathini chini ya sifuri. Waya wa kupasha injini alikuwa ameuchomeka kwenye umeme tangu jioni, lakini alipozungusha ufunguo, gari lilikohoa mara mbili likanyamaza. Akaupiga usukani ngumi, akalitukana gari, akamtukana na aliyelitengeneza. Machozi yakamtoka, yakagandia kwenye kope.

Na mbele ya pua yake kulikuwa na gereji. Gereji nzima, imeshikana na nyumba, ina mlango wa umeme. Lakini Wade, mumewe, alikuwa ameijaza mashua, kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu ya ziwa, na matairi ya gari walilokwisha kuliuza.

"Wade, mashua inalala ndani, mkeo mjamzito yuko nje anakwangua barafu," alimwambia wakinywa chai. "Wewe unaona sawa?"

"Nitavitoa, mama. Ngoja theluji ipungue."

"Ipungue lini? Mwezi wa tano? Mwanao atakuwa anatambaa!"

Wade alicheka bila kumtazama, akavaa kofia, akaenda kazini. Alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji barabarani, kwa hiyo siku za theluji nyingi ndizo hasa alizokuwa hayupo. Hospitali ilikuwa mbali, karibu saa nzima kwa gari. Uchungu wenyewe haukumtisha Britta. Alichoogopa kilikuwa kimoja: siku yenyewe ifike, gari ligome, mtoto azaliwe kwenye kiti kilichoganda na baridi imuue kabla hajanyonya.

Jumamosi, Wade alipokuwa kazini, Britta akaamua. Akafungua mlango wa gereji, akaanza kuburuta matairi. Bi Delphine Skubic, mjane wa nyumba ya pili, akaja kumsaidia. Walikokota mashua kwa magurudumu yake, wakakitoa na kibanda. Lakini bibi yule alivutia kila kitu kutoka nje. Mguu wake haukuvuka kizingiti.

"Ingia basi, Bi Delphine. Utaganda hapo."

"Hapa pananitosha, mwanangu." Akatazama nyuma, akashusha sauti. "Wade hajakwambia baba yake alifia wapi?"

"Hospitali. Moyo."

Bibi akatikisa kichwa. "Alifia hapo uliposimama."

Kisha akamnong'oneza yote. Siku ile mzee Arvo, baba yake Wade, alitaka kutoka na gari. Mlango ulikuwa umegandia sakafuni, kitufe kikagoma kuuinua. Akampigia mwanawe simu aje amsaidie kuubandua, na akaiwasha injini apate joto akimsubiri. Kila mtu huku anajua kwamba gari haliwashwi mlango wa gereji ukiwa umefungwa, maana moshi wake huua. Arvo naye alijua. Alidhani Wade atafika upesi.

"Wade hakufika upesi," alisema Bi Delphine. "Na tulimkuta mzee kwenye kiti cha abiria. Arvo, ambaye hakuwahi kumwachia mtu usukani maisha yake yote! Uso kautegemeza kwenye kioo, mdomo wazi. Kama mtu anayetafuta pumzi."

Mwingine angeogopa. Britta alipandwa na hasira. Miaka miwili ameishi katika nyumba hiyo, amepika humo, amefua humo, na watu wazima wanamficha jambo kama mtoto. Jioni Wade alipolikuta gari ndani ya gereji, uso ukamsawajika.

"Litoe, Britta. Nakuomba."

"Nipe sababu."

"Nakuomba tu."

"Miaka miwili unaniomba tu! Marehemu hana gari la kulaza, Wade. Mimi ninalo!"

Gari likabaki ndani. Asubuhi yake lilikuwa kavu, halina theluji hata punje, na Britta akajisikia mshindi. Akaingia, akafunga mlango, akatazama kulia. Kioo cha upande wa abiria kilikuwa na barafu. Alipotoka na kukigusa kwa nje, kilikuwa laini, hakina barafu. Barafu ilikuwa kwa ndani.

Huku hata mtoto wa shule anajua maana yake. Barafu ya nje huletwa na hewa ya nje. Barafu ya ndani ni pumzi. Mtu akikaa garini muda mrefu, pumzi yake hugandia kwenye kioo kilicho karibu yake.

"Umelala garini?" alimfokea Wade. "Unataka kunitisha ili nilitoe?"

"Gereji sijaikanyaga tangu mazishi ya baba, hata vitu vile nilivisukumia kutoka mlangoni," alijibu Wade. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Britta akaikwangua. Kesho yake ilikuwepo, nene zaidi. Akaikwangua tena, anasonya, anabishana na kioo kama vile kinasikia. Kesho kutwa, katikati ya barafu, palikuwa na tundu dogo la mviringo limeyeyuka. Lilikuwa na ukubwa wa mdomo.

Uchungu ulimkamata Jumanne mchana, theluji ikimwagika kama unga. Mapema kuliko walivyotegemea. Akampigia Wade.

"Nakuja! Usiende gereji, mke wangu. Nisubiri jikoni."

"Baba yako alikusubiri," alisema Britta, na alijuta neno kabla halijamaliza kutoka. Lakini uchungu ulikuwa mkali na hasira ilikuwa ya muda mrefu. Akachukua mkoba na ufunguo, akaingia gereji.

Akabonyeza kitufe. Mota ikalia. Mlango haukuinuka. Ulikuwa umegandia sakafuni.

Hakuwasha gari. Alijua. Uchungu mwingine ukaja, akafungua mlango wa gari akaketi tu, ashike kitu, apumue. Ufunguo ulikuwa kiganjani mwake.

Mlango wa gari ukajifunga.

Gari lililomgomea majira yote ya baridi likawaka lenyewe.

Akavuta kitasa. Kikagoma. Akagonga kioo. Moshi ulianza kupanda nyuma ya gari, polepole. Pale kulia, barafu ikaanza kutanda. Ikafunika kioo cha abiria. Ikahamia kioo cha mbele. Ilikuja kwa mawimbi, ikisonga na kusimama, ikisonga na kusimama. Kama kifua.

Hakumwona mtu. Kiti kilikuwa kitupu. Lakini kilikuwa kimebonyea.

"Pumzi," kilinong'ona kitu sikioni mwake. "Kidogo."

Kichwa kikawa kizito. Tumboni, mtoto alirusha mateke, kisha akatulia. Akatulia mno. Hapo hasira yote ya Britta ilikwisha, ikabaki hofu tupu.

"Chukua yangu," alinong'ona. "Mzee, chukua yangu. Mwache mtoto."

Kitu baridi kikamgusa mdomoni.

Wade anasema alipofika aliukuta mlango wa gereji umeinuka hadi juu. Injini ilikuwa imezimwa, na ya baridi kabisa. Hapakuwa na moshi. Mkewe alikuwa usukanini amezimia, ufunguo kiganjani. Akambeba hadi kwenye gari la kusukuma theluji, wakajisafishia njia wenyewe mpaka hospitali. Mtoto alizaliwa jioni, msichana, mzima, ana sauti ya kuamsha mtaa. Wakamwita Aili.

Siku ya kurudi nyumbani baridi ilikuwa kali tena. Walisimama mlangoni Bi Delphine akimfunua mtoto uso. Mvuke mweupe wa pumzi ukamtoka Aili puani. Ukamtoka Wade alipocheka, ukamtoka na bibi alipomwomba Mungu ambariki.

Kisha Bi Delphine akamtazama Britta, naye Britta alikuwa akizungumza, anamshukuru, anaongea sana kwa furaha. Polepole bibi akarudi nyuma hatua moja.

Mdomoni mwa Britta hamkutoka mvuke wowote.

Daktari amempima na haoni kasoro. Anakula, analala, ananyonyesha. Mashua imerudi gereji na gari linalala nje, na Wade ndiye anayekwangua sasa, halalamiki. Anakwangua nje kwanza. Kisha anaingia ndani kukwangua kioo cha abiria, ambako barafu ni nene kuliko zamani.