Mhuri wa Mzee Okudaira

Jambo hili lilimpata rafiki yangu Tarumi, huko Kobe, Japani, miezi saba baada ya tetemeko la ardhi, katika nyumba za muda tulizopewa. Alikuwa akipitisha ubao mdogo wa matangazo, wa kushika mkononi, mlango kwa mlango. Kila mkazi huupiga mhuri wa jina lake, na hivyo ndivyo tulivyojua kwamba wazee waishio peke yao wangali hai.

Kwa Mzee Okudaira, ambaye tetemeko lilimuua mkewe, uvundo ulimkaba Tarumi koo. Nzi walivuma dirishani kwa ndani.

“Babu, taka hujatupa tena? Utatuua!”

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Ndani kulikuwa giza tupu.

“Lete,” sauti ikakwaruza. “Bado sijafa, usinizike.”

Ubao ukaingia, ukasikika mgoto mmoja wa mhuri, ukatoka. Tarumi akaridhika, akaondoka ameziba pua.

Mchana huohuo polisi walioitwa na jirani walivunja mlango. Mzee alikuwa amekufa wiki tatu zilizopita, amegandamana na mkeka.

Tarumi akautazama ubao. Jina lilisomeka vizuri. Katikati ya wino mwekundu, funza aliyebanwa na mhuri alikuwa bado anajinyonganyonga.