Yai Jekundu la Fotini

Rafiki yangu Fotini si mtu wa kuzua. Pasaka ile alitoka Athene kwenda kisiwani kupunga upepo wa bahari, mashamba yakiwa yamejaa maua, akapanga chumba kwa mjane mmoja, Bi Stamatia. Mchana wa sikukuu akarudi toka kanisani na yai la Pasaka lililotiwa rangi nyekundu mkononi.

"We mwanamke huna haya?" mjane akamfokea. "Nyumba ina msiba wa mume wangu, unaniletea wekundu? Mwaka huu hapa mayai ni meupe! Lifiche hilo, kisha shuka ghalani ukateke mvinyo."

Ghala la chini lilikuwa giza totoro. Akiwa anapapasa pipa, sauti ya mwanamume ikasema karibu na sikio lake, "Kristo amefufuka!"

Salamu hiyo haiachwi bila jibu. "Kweli amefufuka!" Fotini akaitikia, akatoa yai mfukoni na kulinyoosha ligongwe, kama ilivyo desturi ya Pasaka ya kugonganisha mayai. Tok.

Akapanda juu anacheka. "Mwanao ana utani! Kanigonga yai gizani."

"Mwanangu yupi? Humu tuko wawili tu," mjane akasema. "Umegongana yai na nani?"

Fotini akafungua kiganja. Yai jekundu lilikuwa limebonyea nchani, na ndani ya ufa kimenasa kipande cha ganda jeupe.